Ndizi za Kawanda na Chipukizi la Jirani

Katika nchi ya Uganda, hasa katika Buganda na wilaya za magharibi, mtu aweza kushinda akila viazi, muhogo na mahindi, na jioni akasema kwamba siku nzima hajala chakula. Kwa Waganda neno emmere, yaani chakula, humaanisha kwanza matoke: ndizi mbichi zilizomenywa, zikafungwa katika majani ya mgomba, zikapikwa polepole kwa mvuke, kisha zikapondwa zingali ndani ya majani yake na kuandaliwa pamoja na mchuzi wa karanga. Wananchi wa Uganda ni miongoni mwa watu wanaokula ndizi nyingi kuliko wote duniani. Kwa hiyo habari ya mgomba uliobadilishwa maabarani, ambayo penginepo ingeachiwa wataalamu na mikutano yao, katika Uganda ni habari ya jikoni.

Msiba wenyewe ulianza mwaka 2001. Katika mashamba ya upande wa Mukono, mashariki ya Kampala, wakulima waliona majani ya migomba yakigeuka manjano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi ziliiva kabla ya wakati wake, tena ovyo ovyo, moja ya manjano na mwenzake mbichi katika chane ile ile. Zilipokatwa, nyama yake ilionekana ina madoa ya rangi ya kutu, na shina likikatwa lilitoa ute wa manjano. Ugonjwa huo ni mnyauko bakteria. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia, ambako wataalamu waliueleza mwaka 1968 katika enseti, mmea ambao ni ndugu wa mgomba. Kutoka Uganda ya kati ugonjwa ulienea wilaya kwa wilaya, na haukutambua mipaka: mwaka 2005 ulitambuliwa Rwanda, mwaka 2006 ukaonekana katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania na pia Kenya, na mwaka 2010 Burundi. Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, nayo haikusalimika.

Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya mgomba ulioambukizwa. Nyuki na wadudu wengine huuchukua ugonjwa wanapozuru ua dume linaloning'inia chini ya mkungu. Lakini mchukuzi mkubwa ni binadamu mwenyewe na panga lake. Panga lililokata jani la mgomba mgonjwa, likikata jani la mgomba mzima dakika moja baadaye, huwa limepanda ugonjwa. Katika shamba lililoachwa bila kuangaliwa mavuno yote yaweza kupotea, na mama aliyezoea kukata mkungu nyuma ya nyumba yake hujikuta akihesabu fedha sokoni kwa chakula kile kile.

Msomaji huenda akauliza kwa nini wataalamu wasizalishe mbegu inayohimili ugonjwa, kama walivyofanya kwa mahindi na maharagwe. Ugumu uko katika tunda lenyewe. Ndizi ya porini imejaa mbegu nyeusi ngumu kama changarawe, na hakuna awezaye kuila kwa raha. Ndizi ya shambani haina mbegu, na hiyo ndiyo sababu wazee wa kale waliichagua. Migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ina chembe za urithi zilizopangwa katika seti tatu badala ya mbili, na kwa ajili hiyo ni karibu tasa. Nakitembe, Kibuzi, Mbwazirume, Mpologoma, zote hizo zimeendelea kuishi kwa chipukizi kuzaa chipukizi, na mgomba wa leo ni karibu sawasawa na ule ambao bibi wa bibi aliupanda.

Hata hivyo watafiti hawakukata tamaa. Waligundua kwamba aina chache za migomba hiyo, zikipandishwa kwa chavua ya ndizi mwitu, hutoa mbegu moja moja, ambazo hulazimika kukuzwa kwa uangalifu katika chupa za maabara. Kwa kazi hiyo ya subira ilipatikana aina ya Kabana 6H, iliyotolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2010 na kupewa jina la Kiwangaazi. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, pamoja na Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo la Uganda, NARO, zilizalisha pia kundi zima la migomba iitwayo NARITA, na mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne za jamii hiyo kwa jina la TARIBAN. Mikungu yake ni mikubwa, na huvumilia ugonjwa wa madoa ya majani uitwao sigatoka nyeusi. Lakini walaji wengi husema kwamba matoke yake hayafikii ulaini wala rangi ya Nakitembe, na katika nyumba ya Mganda hukumu ya sufuria haina rufani. Tena, juu ya mnyauko bakteria, kazi hiyo haikupata pa kushika, kwa maana hakuna hata mgomba mmoja wa nyanda za juu uliopatikana na kinga kamili. Kinga ya kweli ilionekana katika ndizi mwitu tu.

Ndipo ilipoingia kazi ya Kawanda. Hiki ni kituo cha utafiti kilichoko kaskazini ya Kampala, kando ya barabara iendayo Bombo. Mwaka 2007 ilipandwa hapo, ndani ya uzio, migomba ya kwanza nchini Uganda iliyobadilishwa chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni. Hiyo ilikuwa ni ndizi ya kuiva ambayo Waganda huiita bogoya, iliyopewa jeni za mpunga ili ishindane na sigatoka. Mwaka 2010 ikafuata migomba yenye jeni mbili kutoka katika pilipili hoho, zilizotolewa bila malipo na taasisi ya Academia Sinica ya Taiwan. Kazi ya jeni hizo ni kuuamsha mmea mapema. Bakteria akiingia, chembe za mmea zilizo jirani naye hujiua zenyewe, naye akabaki amezingirwa na wafu, hana njia ya kupita. Watafiti wa IITA na NARO waliiambukiza migomba hiyo kwa makusudi, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 yalionyesha kwamba baadhi yake ilibaki mizima kabisa huku migomba ya kawaida iliyokuwa kando yake ikinyauka.

Yafaa kuondoa hofu moja ambayo aghalabu husikika. Jeni ya pilipili hoho haiwezi kuyafanya matoke yawashe. Hoho yenyewe haina ukali, na jeni zilizochukuliwa hazihusiki na ladha. Vile vile hofu ya chavua kupeperuka hadi shamba la jirani, ambayo ni hofu ya maana katika mahindi, katika mgomba tasa ni ndogo mno. Mtu mwenye kuipinga ndizi ya Kawanda anazo hoja nyingine zenye uzito zaidi, na zitaelezwa hapa chini.

Katika uzio huo huo ulifanywa mpango wa pili, nao unahusu watoto. Matoke hushibisha vizuri, lakini yana upungufu wa vitamini A, na mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa matoke zaidi ya kitu kingine yumo katika hatari ya kuona kiza jioni, ya kupatwa na maradhi mara kwa mara, na hata ya kupoteza macho. Tangu mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland nchini Australia, chini ya Profesa James Dale, kilishirikiana na NARO kwa fedha za shirika la Gates. Jeni iliyotumika ilitoka katika ndizi ya Papua New Guinea ambayo kwa asili nyama yake ni ya rangi ya chungwa. Kwa hiyo hapa ni ndizi iliyoazima kwa ndizi. Matokeo ya Australia, yaliyotangazwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba nyama ya ndizi iliweza kugeuka rangi ya dhahabu na kupata kiasi cha vitamini kilichokusudiwa, na zaidi.

Lakini mama wa Uganda hakulazimika kuingoja ndizi hiyo. Tangu mwaka 2004 nchi yake imekuwa na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyozalishwa kwa njia ya kawaida, bila uhandisi wa jeni. Mmoja wa waliovizalisha ni Mganda, Dakta Robert Mwanga, ambaye mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa watu wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Kiazi kimoja cha aina hiyo, kikipikwa na kupondwa kwa mafuta kidogo, chaweza kumpa mtoto mdogo vitamini A inayomtosha siku nzima. Hapana ubaya wowote katika kuitafuta ndizi ya dhahabu. Ila katika mabishano ya Kampala kiazi hicho kilitajwa mara chache mno, kwa sababu hakina wa kukigombea wala wa kukilaani.

Mabishano yenyewe yalihamia Bungeni. Majaribio ya Kawanda yalikuwa yakiruhusiwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ndizi zake hazikuruhusiwa kutoka nje ya uzio wala kuliwa. Ili chipukizi lipewe mkulima ilihitajika sheria. Muswada wa mwaka 2012 ulikaa miaka mitano kabla ya kupitishwa mwezi Oktoba 2017. Mwezi Desemba mwaka huo Rais Museveni aliurudisha bila kutia sahihi. Bunge liliurekebisha na kuupitisha tena Novemba 2018 kwa jina jipya, na mwaka 2019 Rais akaurudisha mara ya pili.

Wapo waliosema kwamba Rais aliwasikiliza wapinga sayansi. Barua yake ya mwaka 2017 ilikuwa na hoja zinazostahili kusomwa kwa makini. Alitaka mbegu za asili zitengwe na kulindwa zisichanganyike na zile zilizobadilishwa. Tena aliuliza haki ya nani italindwa: je, ni ya yule tu aliyeongeza jeni moja maabarani, au pia ya jamii iliyoitunza mbegu ile tangu zama za kale? Swali hilo ni la haki, na linaugusa mgomba kuliko zao jingine lolote. Nakitembe haikuzalishwa na shirika lo lote. Ilichaguliwa na wakulima, wengi wao wanawake, walioonja, wakalinganisha, wakagawana machipukizi. Maabara ikiongeza jeni mbili za hoho, mgomba ule unakuwa mali ya nani?

Muswada wa mwaka 2018 ulijibu upande mmoja wa jambo hilo kwa ukali mno. Ulisema kwamba mwenye kuleta kiumbe kilichobadilishwa atawajibika kwa madhara yo yote yatakayotokea, hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa juu yake. Wanasayansi walilalamika kwamba kwa sharti hilo hakuna mtafiti atakayethubutu kutoa hata mche mmoja. Wapinzani wao wakajibu kwamba kama ndizi ni salama kama inavyosemwa, sharti hilo halina la kumtisha mtu.

Ili kuelewa kwa nini suala la dhima si maneno ya mawakili tu, yafaa kutazama Burkina Faso, nchi ya Afrika Magharibi inayotegemea pamba. Mwaka 2008 wakulima wake walianza kupanda kwa wingi pamba iliyobadilishwa jeni ili iwashinde viwavi. Kwa upande wa shamba mambo yalikwenda vizuri: dawa ya kunyunyizia ilipungua na mavuno yakaongezeka. Lakini nyuzi za pamba ile zilikuwa fupi kuliko za pamba ya zamani, ambayo urefu wake ndio uliokuwa sifa ya Burkina Faso katika soko la dunia. Makampuni ya pamba ya nchi hiyo yalipata hasara, yakaidai fidia kampuni ya Kimarekani iliyoleta jeni, na kufikia mwaka 2016 uamuzi ulikwisha kutolewa wa kurudia mbegu ya zamani. Mdudu alishindwa kweli, ila soko halikumtazama mdudu.

Burkina Faso iliweza kurudi nyuma kwa sababu mbegu ya pamba hugawiwa kila msimu kutoka ghala moja. Misimu michache ilitosha kubadili magunia. Mgomba hauna ghala. Shamba la migomba likitunzwa hudumu miaka thelathini, hamsini, na zaidi, na machipukizi yake huenda kwa shemeji, kwa binti aliyeolewa, kwa jirani aliyekuja kuomba moto. Hakuna risiti. Kwa maskini jambo hili ni la kheri, kwa kuwa hakuna kampuni iwezayo kumrudisha dukani kila mwaka. Lakini maana yake pia ni kwamba chipukizi la Kawanda likishatoka nje ya uzio, na baada ya miaka kumi ikaonekana lina kasoro ambayo hakuna aliyeitazamia, hakuna orodha itakayoonyesha liko kwa nani. Katika nchi ya namna hii, kuandika tangu siku ya kwanza nani alipewa nini, na kuacha mashamba yenye Kibuzi na Mbwazirume za asili katika kila wilaya, ni kazi yenye maana kubwa kuliko vifungu vingi vya adhabu. Kazi hiyo haihitaji kungoja sahihi ya mtu.

Lipo jambo jingine ambalo wateteaji wa ndizi ya maabara hulipita haraka. Hekta moja ya migomba ya nyanda za juu kwa kawaida hutoa tani 5 hadi 30 kwa mwaka, ilhali uwezo wake unakadiriwa kufikia tani 70. Pengo hilo lilikuwapo kabla ya mnyauko bakteria kufika. Fukusi hutoboa tunguu la mgomba, minyoo hula mizizi hata mgomba ukaanguka na mkungu wake, mvua hukatika. Na zaidi ya yote, ardhi huchoka. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilimo cha matoke kilififia katika Buganda, ambako ndiko kulikokuwa kitovu chake, kikahamia Ankole na sehemu nyingine za kusini-magharibi. Usiku na mchana malori kutoka Isingiro, Mbarara na Bushenyi huteremka Kampala yakiwa yamejaa mikungu. Mkungu hubeba madini mengi ya potasiamu yaliyotoka udongoni. Zamani familia ilipokula matoke yake, maganda yalirudi chini ya mgomba ule ule. Leo huishia katika marundo ya soko la Kalerwe, ambako baadhi hulishwa ng'ombe wa mjini na mengine huoza na kuziba mitaro. Kila lori linaloondoka Isingiro huondoka na sehemu ya udongo wa Isingiro. Jeni ya hoho haiwezi kuurudisha, na mgomba wenye kinga ukipandwa katika udongo uliochoka utazaa mkungu mdogo wenye afya njema.

Nchi zilizo jirani nazo hazikufuata njia moja. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2009, ikapiga marufuku vyakula vilivyobadilishwa jeni kutoka nje mwaka 2012, ikaondoa marufuku hayo mwaka 2022, na mara jambo likapelekwa mahakamani. Tanzania ilisimamisha majaribio yake mwanzoni mwa mwaka 2021. Ugonjwa wa migomba uliwapata wote hao bila kuuliza msimamo wao.

Mapambano yaliyoleta nafuu, katika Uganda na katika Kagera, yalifanywa kwa fimbo. Chane ya mwisho ya mkungu ikishatokea, mkulima huchukua mti mrefu wenye panda, akalizungusha ua dume mpaka likavunjika. Mti hutumika badala ya panga kwa sababu haukati mgomba mgonjwa ukaenda kukata mzima. Nyuki hakuti tena mahali pa kutua. Nakitembe, kwa maumbile yake, hupona mara nyingi hata bila fimbo, kwa kuwa maganda ya ua lake hayadondoki na kuacha kidonda. Panga likitumika kwa kazi nyingine, hupitishwa motoni au huchovywa katika dawa ya klorini ya kufulia nguo kabla ya kugusa mgomba wa pili. Shina linaloonyesha dalili hukatwa usawa wa ardhi mara moja, na baadaye ilidhihirika kwamba si lazima kung'oa kichaka kizima kama ilivyoshauriwa mwanzoni, jambo lililowavunja moyo wakulima wengi wakaacha kabisa kupambana.

Kwa anayetaka kuanzisha shamba jipya, machipukizi yachukuliwe mahali ambapo mnyauko haujaonekana, hata kama jirani wa karibu ni mkarimu zaidi. Mizizi yote ikatwe, tunguu limenywe kwa kisu kisafi mpaka libaki jeupe, na sehemu zenye matundu ya fukusi zitupwe mbali na shamba. Kisha machipukizi yatumbukizwe katika maji yanayochemka kwa nukta 30 tu, ili minyoo ife na chipukizi lisiive. Kwa machipukizi machache sufuria kubwa ya matoke yatosha. Yakishapoa yapandwe mapema, na shimo litiwe samadi na maganda ya ndizi za jikoni.